Bwana Makumbusho na Rangi ya Kijani

Sijapata kumdharau mtu kwa moyo mmoja kama nilivyomdharau Bwana Makumbusho. Nimejaribu kuacha. Mama alinifundisha kwamba mtu mzima hadharauliwi hata akiwa wa ovyo, na kwa watu wengine wa ovyo nimeweza. Kwa huyu nilishindwa, na sasa nimechoka kujaribu, kwa hiyo nitamsema.

Jina alikuwa nalo kama binadamu wote, ila hakuna aliyelitumia. Kama tulivyokuwa na Bwana Shamba wa mambo ya mazao na Bwana Afya wa mambo ya vyoo, huyu alikuwa Bwana Makumbusho. Kazi yake ilikuwa kutunza uwanja mmoja nje kidogo ya mji wa Iringa, uliozungushiwa seng'enge, ambamo wakubwa fulani walikuwa wamekusanya vyombo vya safari vya zamani. Kulikuwa na lori la kuwashwa kwa hendeli, pikipiki yenye kiti cha ubavuni, machela ambayo Wazungu walibebwa nayo mabegani mwa watu, na gari la ng'ombe. Nyuma ya vyombo hivyo zilisimama nyumba tatu za udongo walizoziita kijiji cha kale. Humo akina mama wawili waliajiriwa kukaa wamevaa kaniki, wanasaga ulezi kwenye jiwe, ili wageni waone watu wa zamani waliishije. Jioni wale mama walivua kaniki, wakavaa vitenge vyao, wakarudi kwao kupika.

Sisi tulikaa Iyunga, Mbeya, ambako Baba alikuwa fundi wa magari. Kila mwaka, likizo ya Saba Saba, tulipanda basi kwenda Iringa kwa mjomba, na siku moja ya likizo hiyo ilikuwa ya makumbusho. Mama alikaanga maandazi tangu alfajiri, akachemsha mayai, akatupaka mafuta miguu mpaka ikang'aa. Watu wengine walikwenda pale kutazama lori. Sisi tulikwenda kumtazama babu.

Lile gari la ng'ombe lilikuwa la babu, baba yake Mama. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache sana. Alilichonga mwenyewe, tangu nira mpaka magurudumu, na kwa miaka mingi ndilo lililobeba mahindi ya kijiji kizima, mabati ya kanisa, na wajawazito waliokimbizwa hospitali ya misheni. Mama mwenyewe alizaliwa ndani yake, njiani, hospitali ikiwa bado mbali. Babu hakusoma. Alijua kuandika maneno mawili tu, na aliyaandika mara moja tu maishani: alikitia chuma motoni mpaka kikawa chekundu, akachoma kwenye ubao wa nyuma wa gari, LUKA FUNDI. Hakuacha picha. Msalaba wa kaburi lake ulikuwa wa mti na mchwa waliumaliza. Tulichobaki nacho kilikuwa ubao ule.

Babu alipofariki, wakusanyaji wakaja kuliomba gari. Mjomba akasita. Mama ndiye aliyesema litolewe, kwa sababu Bwana Makumbusho alimwahidi mbele ya watu kwamba kila mgeni atakayekanyaga pale atalisoma jina la baba yake. Mama hakutaka kitu kingine chochote. Safari yetu ya kwanza alitupanga mbele ya ule ubao, mimi na kaka yangu, akatuambia tusome kwa sauti. Yeye alikuwa hajui kusoma. Tukasoma, akatuambia turudie, tukarudia mpaka wageni wakaanza kututazama, naye anacheka peke yake huku machozi yanamtoka.

Mwaka uliofuata tulikuta gari ni la kijani.

Si gari tu. Bwana Makumbusho alikuwa amepaka rangi ya mafuta kila kilichosimama mle ndani. Lori alilipaka kijani pamoja na kutu yake. Injini aliipaka. Taa za mbele, vioo vyenyewe, alizipaka rangi ya fedha. Matairi aliyasugua kwa dawa ya viatu. Baba alisimama mbele ya lile lori amejishika kiuno, asijue acheke au alie. "Mke wangu," akasema, "huyu mtu amepaka rangi kutu!" Na kwenye ubao wa nyuma wa gari la babu palikuwa laini kama meza ya mwalimu mkuu. Juu yake kilitundikwa kibao kipya: GARI LA NG'OMBE. MALI YA UMMA. USIGUSE.

Mama akapiga goti kidogo, kama ilivyo adabu ya kwao, akamwamkia kwa Kihehe. "Kamwene, baba. Samahani, jina la mzee wetu liko wapi?"

"Jina lipi?"

"Lililochomwa hapa."

"Aa, ile mikwaruzo! Nimeiziba kwa puti, mama. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja. Nimwonyeshe ubao ulioungua ungua, aseme Iringa hatuna usafi?"

Huyo ndiye mtu tuliyempa babu yetu amtunze. Kwake yeye kale kilikuwa kitu cha kufagiwa. Na kufagia alifagia, sikatai. Kokoto za uwanja ule zilipangwa mistari, usingeona jani. Ukitupa ganda la yai alikujia mbio kutoka upande wa pili. Lakini umwulize kitu chochote juu ya kilichomo mle, alikuwa mtupu. Wageni wa kutoka Mbeya aliwaambia lori lilitoka Tukuyu. Wageni wa Iringa aliwaambia lilitoka Mbeya. Siku moja lilikuwa limembeba gavana, siku nyingine bibi harusi wa mmisionari, na mwaka mmoja nilimsikia kwa masikio yangu akisema lilivuka mto Ruaha chini ya maji. Baba, ambaye malori aliyajua kama mtu anavyojua watoto wake, alimwuliza lina gia ngapi.

"Hiyo," alijibu Bwana Makumbusho, bila hata kupepesa macho, "ni siri ya mabepari."

Tulikula neno hilo mwaka mzima. Nyumbani Iyunga sukari ikiisha, ni siri ya mabepari. Kaka akikojoa kitandani, ni siri ya mabepari. Hata Mama alicheka, ingawa yeye alikuwa wa kwanza kutukataza.

Na mtu huyu, bingwa wa vyombo vya safari, alikuwa hajui chombo hata kimoja! Baiskeli alikuwa nayo, nyeusi, imepakwa mafuta, kengele inalia vizuri. Kila asubuhi alifika nayo kazini miguu ya suruali imebanwa kwa vibanio viwili, na kila jioni aliondoka nayo hivyo hivyo. Mjomba, aliyekaa njia hiyo, alituambia kwamba katika miaka yote hakuna aliyewahi kumwona juu yake. Aliikokota. Vibanio alivaa vya nini, Mungu ndiye ajuaye. Basi lilimtapisha, lori lilimtia hofu, na nikuambie, ile pikipiki ya kiti cha ubavuni kaka yangu alipoigusa hendeli tu ikalia kidogo, Bwana Makumbusho aliruka hatua tatu nyuma.

Amri yake ilikuwa moja. Mlangoni pale, kabla hujaingia, alikuangalia mikono. "Mikono nyuma!" Mtoto, mkubwa, padri, mkulima, wote mlitembea uwanja mzima mmeshika mikono yenu nyuma kama wafungwa mnapelekwa mahakamani. "Tazama, usiguse, songa mbele. Mikono nyuma!" Ukijikuna pua, alikuona. Mama alibeba kapu la maandazi, nalo ikabidi alibebe mgongoni.

Wale mama wasaga ulezi ndio walioonja joto lake hasa. Aliwakataza ndala za plastiki. "Mtu wa kale alivaa ndala wapi?" aliwauliza, na viatu vyake mwenyewe vinang'aa kama kioo. Aliwakataza kucheka, eti watu wa kale hawakucheka mbele ya wageni. Yeye binafsi, siku zote kaning'iniza redio begani, chai yake ina maziwa ya kopo, mkate wake una siagi. Ugali wa ulezi uliokuwa unasagwa pale kwa jasho aliuita chakula cha maonyesho. Ulipokuja mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vipya, mmoja wa wale mama alibomolewa nyumba yake, ya udongo, ya babu zake, akapangiwa kiwanja kando ya barabara. Asubuhi yake alikuja kazini kama kawaida, akakaa ndani ya nyumba ya udongo ya makumbusho, akasaga.

"Yangu ilikuwa nzuri kuliko hii," alimwambia Mama kwa Kihehe, kwa sauti ya chini. "Yangu ilikuwa na watu."

Bwana Makumbusho akamsikia. "Mama, mama! Watu wa kale hawakunung'unika."

Nilikuwa mtoto, lakini nilitamani nimpige na jiwe la kusagia.

Nitasema na lake moja zuri, nisije nikaitwa mwongo. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilitukuta pale, isiyo ya majira yake. Watu wote tulikimbilia nyumba za udongo. Yeye alibaki nje. Alivua koti lake, la pekee ninalodhani alikuwa nalo, akalifunika juu ya kiti cha lile lori, akasimama pembeni amelishikilia na mawe yanampiga kichwani mpaka mwisho. Aliporudi ndani alikuwa anatetemeka mdomo mzima. Mama akampa kanga yake ajifute. Baba alisema kimya kimya kwamba kiti kile kilikwisha kuoza tangu zamani, na mimi nikacheka. Leo sijui kama ningecheka. Pengine ningecheka.

Kila mwaka Mama alimpelekea mchele wa Kyela, na kila mwaka alipiga goti akauliza lile lile: puti ikwanguliwe, jina lionekane. Na kila mwaka alijibiwa, "Mwakani, mama. Nimeshaandika barua, nangoja jibu kutoka juu." Mchele aliupokea. "Juu gani?" Baba alikuwa akiuliza ndani ya basi tukirudi. "Mbinguni?"

Kisha ukaja mwaka wa msasa. Baba alichoka. Hakumwambia mtu, alitia kipande cha msasa mfukoni tangu Iyunga, na tulipofika, Mama alipokuwa anasalimiana na wale wasaga ulezi, yeye akaenda moja kwa moja nyuma ya gari la babu akaanza kusugua. Nilikuwa karibu naye. Niliona unga wa kijani unaanguka kwenye viatu vyake. Alikuwa bado hajafikia herufi hata moja.

"Wewe!"

Bwana Makumbusho alikuja na kundi zima la wageni nyuma yake, wanafunzi wa shule na walimu wao. Hakumkamata Baba, hakumpiga. Alichofanya kilikuwa kibaya zaidi. Alimsimamisha mbele ya wale watoto, akamwambia, "Mikono nyuma." Baba akamtazama. "Nimesema mikono nyuma! Au nimwite askari?" Na baba yangu, fundi ambaye Iyunga nzima watu walimwachia funguo za magari yao bila wasiwasi, alitazama upande tuliposimama, akaitazama ile mikono yake yenye grisi isiyotoka, akaiweka nyuma. Alisimama hivyo wakati watoto wa watu wanaelezwa kwamba huyu ni mfano wa mharibifu wa mali ya umma. Mama alikuja mbio, akapiga magoti, siyo kidogo safari hii, magoti yote mawili kwenye kokoto, akaomba radhi.

Baada ya hapo Baba hakwenda tena. Saba Saba ikifika, alikuwa na gari la kutengeneza.

Mama aliendelea, na mimi nilimsindikiza. Miaka hiyo ndiyo akina mama wote walipelekwa kisomo cha watu wazima, na Mama alikwenda kila jioni na daftari lake limefungwa kwenye kanga. Akajua. Alisoma mifuko ya saruji, alisoma ubavu wa mabasi, alisoma gazeti lililofungia vitumbua kabla hajala kitumbua. Siku moja aliacha kuchambua mchele akaniambia, "Nasoma majina ya watu wote nisiowajua. La baba yangu sijawahi kulisoma."

Mara ya mwisho tulipokwenda, mafuta ya magari yalikuwa ya shida na wageni hawakuwepo tena. Seng'enge ilikuwa imelala. Nyasi zilifika kiunoni. Lori lilikalia matumbo, matairi yote yamekwenda, na nyumba za udongo zilikuwa zimeanguka zenyewe. Gari la babu halikuwepo. Mlinzi aliyekuwepo, mtu mgeni, alituambia Bwana Makumbusho amestaafu na mbao zilichukuliwa na watu, kuni. Mama alizunguka pale palipokuwa na gari, mara moja, mara mbili. Halafu akasema twende. Mchele tulirudi nao Mbeya.

Miaka ya sabini ilikuwa inakaribia kumalizika nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi, Igowole, mkoa huo huo wa Iringa. Wiki ya kwanza tu nilimwona njiani, amekonda, anaikokota baiskeli ile ile. Vibanio vipo. Alikuwa amejenga jirani na shule. Nilipita upande wa pili wa barabara, na nikawa napita upande huo kila siku. Mama alipokuja kunitembelea, mwenye nyumba wangu akamtajia yule mzee jirani aliyewahi kutunza makumbusho. Mama akafunga kanga.

"Twende tukamsalimie."

"Mama, yule? Aliyemsimamisha Baba?"

"Yule yule. Ni mtu mzima, na sisi tumefika kwake." Akachukua na kikapu cha mchele. Mama yangu bwana!

Tulimkuta barazani amekaa peke yake kwenye benchi, redio pembeni, imezimwa, nadhani haikuwa na betri. Hakututambua hata kidogo. Mama alipiga goti, "Kamwene, baba," akaweka mchele miguuni pake. Alifurahi kama mtoto. Akainuka atutafutie viti, na alipoinuka nikaliona lile benchi.

Lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya magogo mawili. Ncha zake mbili zilikuwa za kijani. Katikati, alipozoea kukaa, rangi ilikuwa imekwisha na puti imebanduka, mti uko wazi, na kwenye mti palionekana weusi wa moto: KA FUN.

Nilimshika Mama mkono. Hakuwa na haja ya kushikwa. Midomo yake ilikuwa inatembea, kama alivyofundishwa kisomoni, herufi moja moja.

"Baba," aliuliza taratibu, "ubao huu umeutoa wapi?"

Basi hapo Bwana Makumbusho alibadilika. Alinyooka mgongo, akavuta koti, na sauti ile ya uwanjani ikamrudia yote. "Ubao huu, mabibi, ni wa gari la ng'ombe la Mzungu mmoja mkubwa sana, mtu wa kwanza kuleta gurudumu katika nchi hii. Watu walitaka kuufanya kuni. Mimi ndiye niliyeuokoa."

"Na haya maandishi?"

"Mikwaruzo tu. Ya watoto watundu."

Aliuokoa, ni kweli. Akausafirisha mpaka Igowole, sijui kwa kuukokota, akauweka barazani, akaukalia. Miaka yote ile Mama alipiga magoti mbele yake, na huyu mtu hakuwahi kusikia hata neno moja alilomwambia. Nilifungua mdomo nimpe yake yote, niliyokuwa nimeyaweka tangu utoto. Lakini Mama alikuwa amekwisha kuinama. Alikuwa anaichomoa puti iliyosalia kwa ukucha wa kidole gumba, inatoka mapande mapande, na mimi naona L, naona U.

"Usiguse!" Bwana Makumbusho alipiga kelele. "Mama, vitu vya kale haviguswi! Miko..."

"Mikono nyuma," akasema Mama.

Hakugeuka hata kumtazama. Hakupaza sauti. Kidole chake kilikuwa kwenye D.

"Nimesema mikono nyuma, Bwana Makumbusho."

Na yeye, masikini wa Mungu, kwa mazoea tu, akaiweka. Alisimama pale barazani kwake amejishika mikono nyuma, kidevu juu, macho mbele, wakati Mama anamaliza I ya mwisho, anapuliza vumbi, na kusoma jina la baba yake kwa sauti, mara moja, bila kusaidiwa. Halafu tuliushika ubao, mimi mbele, yeye nyuma, tukashuka nao barazani. Mchele tulimwachia. Kwenye kona ya shule niligeuka kuangalia kama anatufuata. Alikuwa bado amesimama vile vile, mikono nyuma, hana pa kukaa.